Mafuta na Maji ya Motokaa: Tuliyoyaona Moshi

Kila msimu mkubwa wa karafuu unapokwisha na hesabu zikalipwa, huonekana jambo lile lile katika vijiji vyetu: magari huongezeka. Mwanachama aliyekuwa akichukua magunia yake kwa gari la kukodi hununua lake mwenyewe. Mwingine huchanga na nduguye wakaleta Suzuki Carry, zile ambazo bara huitwa kirikuu. Wa tatu hununua Noah ya abiria ili vijana wake wapate riziki miezi ambayo mikarafuu haina kitu. Hatumlaumu hata mmoja. Pesa ya karafuu ikitiwa katika chombo cha kazi imetiwa mahali pazuri. Lakini sote twayajua pia yale magari yaliyolala nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani yake, nayo hayakumaliza misimu 3 tangu kushushwa bandarini. Ukimwuliza mwenyewe limekufa kwa nini, atakujibu kuwa injini ilinoki, au giaboksi ilikataa, kama mtu anayesimulia kudura.

Mapema mwaka huu baadhi yetu tulikuwa Moshi. Safari yenyewe ilikuwa ya mambo ya ushirika, kwa kuwa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wana chama chao kikuu, KNCU, tangu mwaka 1933, na Chuo cha Ushirika, ambacho leo ni Chuo Kikuu, kilifunguliwa katika mji huo huo mwaka 1963. Hayo tutayaandika katika toleo jingine, kwani yana marefu yake. Haya ya leo hatukuyatafuta. Gari tulilokodi kutupeleka Machame lilichemka njiani, tukasimama nusu saa kando ya migomba, mvuke ukitoka kama sufuria ya pilau iliyofunuliwa, na dereva akalimwagia maji mpaka likanyamaza. Siku ya pili tukamfuata fundi aliyelitazama, tukakaa naye gerejini kwake asubuhi nzima, kisha tukawazungukia wenziwe wawili. Tuliyoyasikia na kuyaona huko ndiyo tunayowaletea.

Moshi ni skuli nzuri ya jambo hili kuliko kwetu, na sababu yake ni mlima. Mji umekaa kati ya mita 700 na 950 juu ya bahari. Lango la Machame na Lango la Marangu, waanziapo wageni wapandao Kibo, yote mawili yamepita mita 1,700. Gari la abiria liendalo Marangu, Mwika, Kibosho au Uru hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku, limejaa watu, ndizi na magunia. Gari la mtumba lenye ila iliyofichwa hujulikana hapo katika juma la kwanza. Vilima vyetu vya Pemba ni vifupi, lakini ni vingi na baadhi yake ni vikali, na gari letu hubeba wachumaji na magunia vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kwetu ugonjwa huchukua muda kujitokeza, nasi tukadhani gari ni zima.

Yafaa kwanza kujua gari limetoka wapi. Karibu magari yote haya yatoka Japani, na huko sheria huyabana. Gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa linapotimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, waitao shaken, si wa bei ndogo. Hiyo ni sababu mojawapo ya Mjapani kuona afadhali auze gari linalokwenda vizuri kuliko kulipia ukaguzi mara nyingine. Wakenya hawapokei gari lililozidi miaka 8. Tanzania lililo zee zaidi laingia, ila ushuru wake ni mkubwa zaidi. Basi hutoka kwa mwenyewe likiwa limezoea kubadilishiwa mafuta kwa wakati. Kisha hupita mnadani, yadi, melini, bandarini, yadi tena, na mikononi mwa dalali. Katika miezi hiyo yote mwenye mali hayupo. Kila mmoja aliyelishika alitaka liwake na ling'are, basi. Na mnunuzi akilipata huliona jipya, kwa kuwa kwake ni jipya, akaanza kuhesabu siku zake tangu alipopewa ufunguo.

Ukifungua mlango wa dereva wa gari kama hilo, tazama ukingoni. Mara nyingi hukutwa karatasi ndogo iliyobandikwa, yenye maandishi ya Kijapani, tarehe, na kilomita za mara ya mwisho oili ilipobadilishwa. Tarakimu zasomeka hata na asiyejua Kijapani. Waosha magari huibandua kwa kuiona uchafu. Sisi twaomba isibanduliwe, maana ikiwa karatasi yasema kilomita 140,000 na saa ya gari yasema 82,000, hapo mwanachama hahitaji mganga kumwambia kuwa saa imerudishwa nyuma.

Sasa turudi njia ya Machame. Maji huchemka kwa digrii 100 huku pwani, lakini kadiri mtu apandavyo, hewa hupungua uzito na maji huchemka mapema. Mita 1,800 juu, huchemka kwa digrii 94 hivi. Injini ya petroli hufanya kazi yake ya kawaida katika digrii 85 mpaka 95. Yaani juu kule maji matupu yasiyofungwa huchemka katika joto lile lile ambalo injini nzima inalihitaji. Kinachozuia ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzuri una springi na mpira. Hufungia shinikizo ndani, na huku pwani maji hayachemki mpaka yakaribie digrii 120. Mpira ukichakaa au springi ikilegea, kinga hiyo yote imeondoka, na mfuniko kwa macho ni ule ule. Gari letu la kukodi ndivyo lilivyokuwa. Mfuniko wake ulikuwa umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Fundi alituonyesha na mengine. Alitoa maji ya rejeta akayatia katika chupa nyeupe, yakawa rangi ya chai ya rangi. Ile ni kutu. Wengi hudhani dawa ya rejeta, kuulanti, ni kwa ajili ya nchi zenye barafu, wakasema sisi wa nchi ya joto twaihitajia nini? Barafu ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kuongeza joto la kuchemkia na kuzuia kutu na ukoga ndani ya mapito, na hiyo kwetu ina kazi kuliko kwao. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya chokaa. Kila mke wa mwanachama aujua ukoga mweupe unaoganda ndani ya birika. Basi rejeta ni birika lenye vijia vyembamba kuliko unyasi, nalo huchemshiwa maji hayo hayo kila siku. Changanya kuulanti nusu na maji safi ya betri nusu, au nunua iliyochanganywa tayari. Wala rangi si ushahidi: nyekundu ya kampuni moja yaweza kuwa si sawa na nyekundu ya nyingine, kwa hiyo soma maandishi ya mkebe. Na iwekwe mbali na watoto na wanyama, kwa kuwa ni sumu na ladha yake ni tamu.

Kuna desturi nyingine tuliyoikuta Moshi, nayo iko kwetu pia, ya kuondoa themostati. Gari likichemka, fundi wa haraka huitoa na kuitupa, na kweli kuchemka hupungua. Lakini injini huwa haipati joto lake, hunywa petroli zaidi, oili hukaa na majimaji ndani, na ugonjwa wa kwanza, yaani rejeta iliyoziba au pampu iliyochoka, unabaki pale pale. Fundi wetu alisema neno tulilolipenda: "Ndugu zangu, ni kama kumtoa mgonjwa kipimo cha homa mdomoni, ukasema amepona."

Wazee wetu wanazikumbuka lori za Bedford zilizochukua magunia ya karafuu. Zile vichwa vya injini yake vilikuwa vya chuma kizito, na likichemka leo, kesho lilikwenda. Injini za leo vichwa vyake ni vya aluminiamu. Zikichemka sana mara moja tu, kichwa chaweza kupinda, gasketi ikaungua, maji yakaingia katika oili. Kwa hiyo dereva aonapo mshale wapanda au taa nyekundu yawaka, asimame. Asifungue mfuniko, maana maji yale humwunguza uso. Asitie maji baridi injini ingali moto. Angoje nusu saa, hata abiria wakipiga kelele.

Basi hayo ni ya kupanda. Ya kushuka ndiyo yaliyotutisha zaidi, na hapa twaomba wanachama wenye magari ya kubeba watu wasome polepole.

Gari lenye uzito wa tani 3 pamoja na abiria, likiteremka mita 1,000 kutoka juu mpaka mjini, lina nguvu ambazo lazima ziende mahali. Ukipiga hesabu, ikiwa nguvu hizo zote zingegeuzwa joto na kutiwa katika maji, zingechemsha zaidi ya madebe 4. Sehemu yake hupotea katika upepo na matairi, na sehemu huzuiliwa na injini ikiwa dereva ametia gia ndogo. Iliyobaki yote huingia katika breki. Sasa fikiri dereva aliyetia gia huru, mchezo uitwao kushuka fri, kwa nia ya kuokoa petroli. Madebe yake 4 karibu yote ameyatwika breki.

Joto hilo huenda kwenye pedi na ngoma, kisha huyafikia mafuta ya breki. Mafuta haya si mafuta kama tunavyofahamu. Ni kimiminiko chenye tabia ya kuvuta maji kutoka hewani, hata kikiwa ndani ya gari, kupitia mipira na tundu la mkebe wake. Nchi kavu hukivutia polepole. Visiwa kama vyetu, ambapo chumvi haikai kavu mezani, hukishibisha upesi zaidi. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya digrii 205. Ikisha kunywa maji kiasi cha asilimia 3 na kitu, kiwango chake hushuka mpaka digrii 140. DOT 4 mpya ni digrii 230, na ikisha kunywa maji ni 155. Kwenye mteremko mrefu, digrii 140 si jambo la mbali.

Na yakichemka huwaje? Kimiminiko hakibonyeki; ndiyo maana mguu ukibonyeza pedali hapa, pedi hubana gurudumuni pale. Mvuke hubonyeka. Mapovu yakiingia katika bomba, dereva akanyaga, pedali hushuka mpaka chini, na gari halisikii habari. Hapo ndipo watu husema breki zimekatika ghafla. Lakini sikilizeni lililo baya zaidi. Gari likisha kusimama, kwa ukuta au kwa mgomba au kwa salama, mapovu hupoa na kurudi kuwa maji. Fundi akija baada ya saa moja hukanyaga pedali akaikuta ngumu, akatazama mkebe akaukuta umejaa, akasema breki ni nzima. Dereva akaitwa mwongo au mlevi. Fundi wa Moshi alituambia kuwa amewaona madereva wawili waliofukuzwa kazi kwa namna hiyo, na magari yale yale, mafuta yale yale, wakapewa watu wengine.

Dawa yake ni rahisi mno hata tunaona haya kuiandika. Mafuta ya breki yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2, na gari la mtumba yabadilishwe siku linaponunuliwa. Gari dogo halitumii zaidi ya lita 1 au kupita kidogo, na kazi ni ya saa moja: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua skurubu gurudumuni mpaka yatoke masafi. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikabaki rafuni isitumiwe, maana imekunywa hewa. Na isije ikatokea mtu akaongezea oili ya injini au haidroliki kwa kuwa zimo karibu. Mipira ya breki huvimba kwa mafuta hayo, na ikisha kuvimba, masta silinda na silinda za magurudumu hazina dawa ila kubadilishwa zote.

Juu ya ile gia huru, dereva wetu mmoja alibisha sana kule Moshi, akasema inaokoa mafuta. Ilikuwa kweli zamani, wakati wa kabureta. Magari ya leo yenye kompyuta hukata petroli kabisa dereva aachapo pedali huku gari liko katika gia likiteremka. Akitia fri, injini huanza tena kunywa ili isizimike. Kwa hiyo aliyeteremka na gia ndiye aliyeokoa. Na mwenye gari la otomatiki aweke 2 au L mteremko ukiwa mkali. Herufi zile zimewekwa kwa kazi hiyo. Kuzima injini kabisa katika mteremko ni hatari ya namna nyingine: usukani hukaza, na kisaidizi cha breki huisha nguvu baada ya kukanyagwa mara chache.

Tukaingia katika oili ya injini, ambayo kila mtu anadhani anaijua. Injini ndogo za Toyota zilizojaa katika nchi yetu, zile za IST na Spacio, hubeba oili isiyofika lita 4. Kiasi hicho ndicho kinachopoza, kinachoosha, na kinachokaza mnyororo wa injini. Zamani mkanda wa mpira ulizungusha valvu. Leo ni mnyororo, na kikazio chake husukumwa na nguvu ya oili. Pia kuna mitambo ya kupanga valvu ambayo hupitishiwa oili katika vijia vyenye chujio dogo mno. Oili ikikaa mpaka ikawa lami, vijia huziba. Injini huanza kugonga asubuhi, kisha hugonga mchana, kisha mwenyewe huongeza sauti ya redio.

Kila gereji tuliyokwenda tuliuliza swali moja: kosa gani mwaliona zaidi? Wote watatu walijibu, kila mmoja peke yake, kuwa ni kuongeza badala ya kubadilisha. Mtu huona kijiti cha kupimia kimepungua, hutia nusu lita, akaona amefanya wajibu wake. Nusu lita mpya katika lita 3 za lami ni kama kumimina maziwa katika shimo la taka. Gari la shamba, liendalo kilomita 4 mpaka kituo cha kuuzia karafuu na kurudi, lina hali mbaya kuliko liendalo safari ndefu, kwa kuwa injini haipati nafasi ya kukausha majimaji na petroli iliyochuja ndani ya oili. Wenye magari ya namna hiyo wasingoje kilomita zitimie. Kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia, na filta kila mara. Oili na filta ya gari dogo ni bei ya kilo chache za karafuu kavu. Injini ya mtumba ni magunia.

Mafundi hawakukubaliana juu ya uzito wa oili. Mmoja hutia 20W-50 katika kila gari, akisema nchi ya joto haitaki oili nyepesi. Mwingine hufuata kitabu, ambacho kwa injini hizi ndogo husema 5W-30 au karibu yake. Rai yetu ni kuwa kitabu kifuatwe maadamu injini haili oili. Ikisha kuanza kutoa moshi wa samawati, oili nzito kidogo ni fimbo ya mzee: humsaidia kutembea wala haimrudishii ujana.

Jambo la oili bandia lilizungumzwa kwa uchungu. Oili chafu huchujwa, hutiwa rangi, hurudishwa katika madumu yenye jina kubwa na kufungwa vizuri. Bara, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa za namna hiyo, lakini tume haiwezi kusimama katika kila duka. Mwanachama anunue kwa muuzaji mwenye duka lisilohama, atazame kizibo, na akisha kulimimina dumu alitoboe. Dumu zima lililotupwa jalalani ni mtaji wa mwizi. Ama oili chafu yenyewe, twajua wengi huipaka nguzo kuzuia mchwa. Kiasi hicho si neno. Lakini kuimwaga chini katika ardhi yetu ya mawe yenye matundu ni kuimwaga kisimani, kwa muda tu.

Giaboksi za otomatiki ndizo zenye hekaya nyingi. Mafuta yake ni mekundu yakiwa mapya. Yakigeuka rangi ya kahawa na kunuka kuungua, yamechoka. Watengenezaji wa baadhi ya magari waliandika kuwa mafuta hayo ni ya maisha, na magari mengine hayana hata kijiti cha kuyapimia. Neno hilo "maisha" limeua giaboksi nyingi. Maisha aliyoyakusudia mwandishi ni ya gari katika barabara za kwao mpaka mwenye nalo wa kwanza alipoliuza. Maisha hayo yamekwisha siku liliposhushwa Dar es Salaam au Malindi.

Tena yapo mafuta ya namna nyingi, na hapa ndipo kosa la bei kubwa hutokea. Toyota peke yake ina T-IV kwa giaboksi za zamani kidogo na WS kwa za baadaye, nayo hayafai kubadilishana. Zile za CVT, zenye mkanda wa chuma, zina mafuta yake peke yake kabisa. Noah mbili za umbo moja, zilizopakana miaka, yaweza moja kuwa na gia 4 na nyingine kuwa CVT. Fundi mwenye pipa moja la "haidroliki" la kutia kila gari humaliza CVT katika miezi michache, naye hatokuwapo siku hiyo. Tazama namba ya giaboksi katika kibati cha gari na uilinganishe kabla ya kununua.

Lipo na lile swali la watu wote: gari lililokwenda kilomita 200,000 halijabadilishwa mafuta ya giaboksi, libadilishwe au liachwe? Wapo wanaosema ukiyagusa itakufa. Twaona sababu ya usemi huo ni kwamba mtu hukumbuka kubadilisha siku giaboksi inapoanza kuteleza, nayo ilikuwa imekwisha kufa. Mafuta mapya husingiziwa tu. Ushauri tulioupata, nasi twaukubali, ni kumwaga yale yatokayo kwa kufungua nati ya chini, ambayo si yote, kutia mapya kwa kiasi kile kile, kutembea wiki kadhaa, kisha kurudia. Isisafishwe kwa mashine ya kusukuma. Ikiwa tayari yateleza, mtu aweke pesa yake.

Mafuta ya difu twayataja kwa ufupi. Magari yanayopita katika maji wakati wa masika, kama yale ya tambarare za Kahe chini ya Moshi au mabonde yetu ya mpunga, huvuta maji katika difu iliyo moto inapopoa ghafla. Mafuta yakitoka yana rangi ya maziwa, yabadilishwe siku ile ile.

Mwanachama anayekwenda kutazama gari la kununua afike kabla halijawashwa. Muuzaji mwenye haraka ya kuliwasha kwanza ili "ulisikie" ana jambo. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa oili utazame chini yake: utando mweupe kama malai ni dalili mbaya, ikiwa gari si la safari fupi. Fungua rejeta, mafuta yakielea juu ya maji, salimu amri urudi nyumbani. Kisha liwake, liungurume dakika 20, feni ije na kuzimika mara 2, ndipo lipandishwe kilima likiwa na watu, si peke yake. Ukaguzi wa magari ya mtumba wa TBS una faida yake, lakini hakuna mkaguzi anayefungua giaboksi ya kila gari ili kuonja mafuta yake.

Tulipokuwa Moshi tulinunua kifaa kidogo kama kalamu, chenye taa, kipimacho maji yaliyomo katika mafuta ya breki. Huchovywa katika mkebe, na taa huwaka kijani, njano au nyekundu. Tumekwisha kupima magari 6 ya wanachama waliofika ofisini juma lililopita. 4 yalikuwa mekundu, na mawili kati ya hayo ni ya kubebea wachumaji. Kifaa kiko kwa karani. Mwanachama yeyote aweza kukiazima kwa siku moja kwa kuandika jina lake daftarini, na wenye magari ya abiria watapewa kwanza kabla ya kuanza kwa uchumaji.